Daraja Lililokataa Kuvunjika

Baada ya mafuriko ya Julai 1957, wakazi wengi wa Isahaya, mji wa mkoa wa Nagasaki kusini-magharibi mwa Japani, walitaka daraja lao kongwe la mawe lilipuliwe kwa baruti. Shitaka lenyewe lilikuwa la ajabu: daraja halikuvunjika. Madaraja mengine kadhaa ya mto Honmyo yalikwenda na maji. Hilo lilibaki limesimama, matao yake mawili yamezibwa na magogo na mabaki ya nyumba, na maji yaliyokosa njia yakaingia mjini. Kwa mtu aliyepoteza mzazi au mtoto usiku ule, uimara wa daraja haukuwa sifa tena.

Leo daraja hilo lipo zima katika bustani ya umma ya Isahaya, chini ya kilima kilichowahi kuwa na ngome. Limepitishwa juu ya bwawa, na mtu anaweza kulipanda kwa ngazi zake za mawe, akasimama katikati, akashuka upande wa pili bila kuwa amevuka kitu chochote cha maana.

Hasira ya watu wa Isahaya haieleweki bila kuujua mto wao. Honmyo huanzia mlima Gokahara, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, na kufika baharini baada ya kilomita ishirini na kitu tu. Mvua ikinyesha kule juu, haichukui muda kufika mjini. Mbele yake ipo ghuba ya Isahaya, sehemu ya bahari ya Ariake, ambako tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia kiasi cha mita 6, kubwa kuliko popote pengine Japani. Mto ukifurika wakati bahari imejaa, maji hayana pa kwenda. Watu walikaa hapo kwa sababu ileile inayowakalisha watu mabondeni kila mahali: ardhi ni tambarare, tope lina rutuba, na mpunga unakubali.

Mwaka 1699 gharika iliua watu zaidi ya 400. Miaka kama kumi baadaye mtawala wa Isahaya aliagiza sanamu za wafuasi 500 wa Budha zichongwe kwenye miamba ya bonde la juu, kwa ajili ya roho za marehemu, na sanamu hizo zipo hadi sasa. Mwaka 1810 mto ulifurika tena, ukalichukua daraja la mjini. Safari hii mji haukuharakisha kujenga jingine. Kwa karibu miaka thelathini watu walivuka kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa majini, mwenye mzigo na asiye na mzigo, kijana na kikongwe, na mto ukipanda kidogo tu kila mmoja hubaki upande aliopo.

Ndipo likazaliwa wazo la kujenga daraja ambalo halitachukuliwa na maji kamwe. Kazi ilianza mwaka 1838 na kumalizika mwaka 1839. Isahaya wakati huo ilikuwa chini ya ukoo wa mabwana wa Isahaya, nao walikuwa chini ya dola dogo la Saga. Hazina haikuwa ya kutapanya, kwa hiyo fedha zilitafutwa kwa michango. Hilo nalitaja kwa sababu litakuwa na uzito baadaye. Daraja lililokuja kuchukiwa na mji mzima lilijengwa kwa senti za mji huohuo.

Mfano wa kuiga haukuwa mbali. Katika jiji la Nagasaki, bandari pekee ambako Wachina na Waholanzi waliruhusiwa kufanya biashara katika karne zile, lilikuwapo tangu mwaka 1634 daraja la mawe lenye matao mawili juu ya mto Nakashima. Lilijengwa kwa juhudi za Mokusu Nyojo, mtawa wa Kichina aliyekuwa mkuu wa hekalu la Kofukuji. Maji yakitulia, matao na vivuli vyake hufanya duara mbili zilizoshikana, na ndiyo maana watu hulijua kwa jina la Meganebashi, Daraja la Miwani. Isahaya ilijenga miwani yake kubwa zaidi: urefu wa mita 49, upana wa mita 5 na nusu, mawe yapatayo 2,800.

Waashi wa tao huanza kwa kujenga kitu ambacho hawakihitaji. Kwanza seremala husimamisha mtoni kiunzi cha mbao chenye umbo la tao, kwa vipimo kamili, kwa sababu kosa la kiunzi litahamia kwenye jiwe. Juu ya kiunzi hicho waashi hupanga mawe yaliyochongwa kama kabari, mapana juu, membamba chini, wakianzia pande zote mbili ili uzito usielemee upande mmoja. Mistari miwili ya mawe hupanda ikikaribiana hadi ibaki nafasi ya jiwe moja kileleni. Jiwe hilo la mwisho hugongwa kwa nguvu mpaka likaze. Kisha huja saa ya kujua mbivu na mbichi: kiunzi kinaondolewa. Kila jiwe sasa linataka kuanguka, na kwa kuwa yote yanataka kuanguka kwa wakati mmoja yanabanana, na hakuna linaloanguka. Ukiliongezea tao mzigo kwa kiasi na kwa usawa, unalikaza zaidi.

Lakini umbo hilo lina dhambi yake, na dhambi hiyo ndiyo iliyokuja kuwaua watu. Daraja la matao mawili linahitaji nguzo nene katikati ya mto, yaani pale ambapo maji yanapita kwa nguvu zaidi. Tena tao ni pana chini na jembamba juu. Maji ya kawaida hupita bila shida, ila kadiri yanavyopanda ndivyo mlango unavyozidi kuwa mdogo. Mto unapohitaji nafasi kubwa kuliko siku zote, ndipo daraja linapoupa nafasi ndogo kuliko siku zote. Gogo moja lenye matawi likikwama hapo, mengine hushikana nalo, na muda si mrefu kinachosimama mtoni si daraja tena, ni ukuta.

Kwa miaka 118 jambo hilo halikuwa na madhara ya kukumbukwa. Kisha ikaja tarehe 25 Julai 1957.

Ulikuwa mwisho wa msimu wa mvua za kiangazi, na wingu lilikaa juu ya magharibi ya kisiwa cha Kyushu likagoma kuondoka. Huko Saigo, kwenye rasi ya Shimabara iliyo jirani, vipimo vilisoma milimita 1,109 kwa siku moja. Dar es Salaam hupata mvua ya kiasi hicho kwa mwaka mzima. Miteremko ya milima iliporomoka, na iliporomoka pamoja na misitu yake, kwa hiyo kilichoteremka usiku ule hakikuwa maji matupu. Yalikuwa maji yenye miti mizima, mawe, tope na mapaa ya nyumba za mbao za vijiji vya juu.

Katika bonde la mto Honmyo peke yake watu zaidi ya 500 walikufa au hawakuonekana tena. Wengi walikumbwa gizani, katika mitaa ya katikati ya mji, ile iliyopakana na mto na kuzoea kulala kwa sauti yake. Kulipopambazuka Meganebashi la Isahaya lilikuwa limepoteza kuta zake za pembeni na limebeba mlima wa takataka, lakini matao yake yalikuwa mazima kama siku yalipofungwa.

Je, daraja lilikuwa na hatia? Naona jibu la haki ni kwamba lilikuwa na hatia kidogo. Lilizuia maji, hilo halina ubishi, na waliosimama kwenye tope na kuonyesha kidole hawakuwa wakisema uongo. Lakini mvua ya mita moja kwa siku ingeufurisha mto ule hata kama usingekuwa na daraja hata moja. Kingo zake zilikuwa fupi, njia yake nyembamba, na mji ulikuwa umeusogelea mno. Tatizo ni kwamba mvua haishitakiwi wala mlima haulipuliwi. Daraja lilikuwa hapo, linaonekana, na halikuweza kujitetea.

Hata wahandisi wasio na kinyongo nalo hawakuwa na habari njema. Serikali ilipanga kuupanua mto, na daraja lisingetosha tena kuuvuka. Isitoshe, nguzo ile ya katikati ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtaalamu yeyote wa mafuriko angekiondoa. Kwa hiyo wenye hasira na wenye mahesabu walikubaliana: liondoke. Kulipua ilikuwa njia ya haraka na ya bei nafuu. Naamini kwamba kama kura ingepigwa Agosti ile, leo kusingekuwa na cha kusimulia.

Aliyezuia ni meya, Nomura Gihei. Kwa mwanasiasa wa mji uliojaa wafiwa, kusimama upande wa daraja hakukuwa na faida yoyote ya kura. Hakuweza kushinda kwa maneno, kwa hiyo alitafuta sheria. Mwaka 1949 moto ulikuwa umeunguza michoro ya ukutani ya hekalu la Horyuji, mojawapo ya majengo ya mbao ya kale zaidi duniani, na mshituko huo ukazaa sheria ya kulinda mali za utamaduni mwaka 1950. Kitu kikishaorodheshwa chini ya sheria hiyo kuwa mali muhimu ya utamaduni, hakibomolewi kiholela, na serikali kuu hubeba sehemu ya gharama za kukitunza. Orodha hiyo ilikuwa imejaa mahekalu, ngome na sanamu. Daraja la mawe halikuwamo hata moja.

Novemba 1958 Meganebashi la Isahaya liliingizwa, likawa la kwanza. Kwa hatua hiyo moja baruti zikawa haramu, na fedha za kulihamisha zikawa na pa kutoka. Inafurahisha kuona kwamba Meganebashi la Nagasaki, lililo mama yake na lenye umri wa karne mbili zaidi, liliorodheshwa miaka miwili baadaye, mwaka 1960. Mtoto aliyetaka kuuawa ndiye aliyemfungulia mama mlango.

Kulihamisha ilikuwa kazi ya Yamaguchi Yuzo, mhandisi wa halmashauri ya mji. Tatizo lake la kwanza ni kwamba hakuna aliyejua. Mafundi wa 1839 hawakuacha kitabu cha maelekezo. Ujuzi wa tao la mawe ulipita kwa mikono, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi, na saruji na chuma vilipoingia mikono hiyo ilipumzika. Ukilifungua tao vibaya linakuangukia. Ukilifunga vibaya, litakuangukia baadaye, mbele ya watu. Basi Yamaguchi alijenga kwanza daraja dogo la mawe, kipimo cha moja kwa tano cha lile kubwa, ili ajifunze kwa hasara ndogo. Ndipo akaligeukia lenyewe. Kila jiwe lilipimwa, likachorwa, likapewa nambari na kuondolewa kwa zamu yake, maana kati ya mawe 2,800 ya kabari hakuna mawili yanayobadilishana nafasi bila tao kulalamika. Kule bustanini kiunzi cha mbao kilisimamishwa upya, kama kile cha mwaka 1838, na mwaka 1961 daraja lilisimama kwa miguu yake.

Kazi ile ilimharibu Yamaguchi kwa namna nzuri. Aliyekuwa mhandisi wa mji alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki kuzunguka Kyushu akitafuta madaraja ya mawe, akiyapima na kuandika habari zake, na akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuyalinda. Sehemu kubwa ya madaraja ya mawe ya matao nchini Japani ipo kwenye kisiwa hicho, mengi yakiwa kazi ya waashi wa Higo, ambayo sasa ni Kumamoto.

Bustani yenyewe haikuchaguliwa vibaya. Kilima chake kina msitu wa miti ya maeneo yenye joto, uliolindwa kama hazina ya asili tangu 1951, na humo upo mnara wa kumkumbuka mshairi Ito Shizuo, mzaliwa wa Isahaya aliyefariki mwaka 1953. Kila mwezi Machi wasomaji wake hukusanyika hapo kumkumbuka. Nalo daraja limepata kivuli, ukimya na bwawa la kujitazamia. Vilevile, mtoni kuna usiku mmoja ambao mji hauusahau: kila tarehe 25 Julai wakazi huwasha maelfu ya taa kando ya Honmyo kwa ajili ya marehemu wa 1957.

Marehemu hao waliendelea kuitwa mashahidi katika kesi nyingine. Serikali ilipoamua kuifunga ghuba ya Isahaya kwa boma la kilomita 7, kuzuia mafuriko ilikuwa mojawapo ya hoja zake kuu, pamoja na kupata mashamba mapya. Aprili 1997 mabamba 293 ya chuma yalidondoshwa majini moja baada ya jingine, kwa chini ya dakika moja, mbele ya kamera za televisheni. Wavuvi wa Ariake walisema bahari yao imeuawa, wakaenda mahakamani. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya Fukuoka iliamuru malango ya boma yafunguliwe. Wakulima wa mashamba mapya nao wakashitaki yasifunguliwe. Na mvutano huo ulisukumwa mbele na nyuma hadi Machi 2023, Mahakama ya Juu ilipoipa serikali ushindi. Malango hayajafunguliwa. Siwezi kuizungumzia ghuba hiyo kwa aya moja na kuitendea haki, ila ni dhahiri kwamba mafuriko ya usiku mmoja yanaweza kutumika kuhalalisha mambo kwa miaka mingi sana.

Turudi kwenye mawe. Tarehe 23 Julai 1982 zamu ilikuwa ya jiji la Nagasaki. Huko Nagayo, pembeni mwa jiji, zilinyesha milimita 187 kwa saa moja, na watu 299 mkoani walikufa au walipotea. Madaraja sita ya mawe ya mto Nakashima yalisombwa, na Meganebashi lile la mwaka 1634 likabomoka sehemu. Hoja zikawa zilezile za Isahaya. Daraja linaziba mto, mto upanuliwe, daraja lihamishiwe bustanini, mfano upo.

Nagasaki ilikataa. Mjadala ulikuwa mrefu na mkali, na uamuzi uliopatikana ulikuwa wa kuuhamisha mto badala ya daraja, au tuseme sehemu ya mto: ilichimbwa mifereji ya kupitishia maji ya ziada chini ya ardhi, kushoto na kulia kwa Meganebashi, ili mafuriko yalizunguke. Leo wanafunzi waliovaa sare hulivuka wakitoka shuleni, na chini yake mto ni uleule aliouona Mokusu Nyojo.

Kagoshima, kusini kabisa mwa Kyushu, ilikuwa na madaraja matano ya mawe juu ya mto Kotsuki, yote kazi ya Iwanaga Sangoro, fundi mkuu kutoka Higo, yaliyojengwa kati ya 1845 na 1849. Kuna hadithi kwamba watawala wa huko walituma watu wamuue njiani akirudi kwao, ili asipeleke siri za madaraja yao kwingine, na waliotumwa wakamwonea huruma. Ni hadithi, lakini watu hawazui hadithi ya namna hiyo juu ya fundi wa kawaida. Tarehe 6 Agosti 1993 Kotsuki ilifurika na kuyachukua mawili. Matatu yaliyobaki, likiwamo Nishida, ambalo mtawala alilipita na msafara wake akielekea Edo, Tokyo ya leo, yaliondolewa na mamlaka za mkoa ingawa wakazi wengi walipiga kelele yaachwe. Mwaka 2000 yalifunguliwa katika bustani maalumu ya madaraja ya mawe huko Gion-no-su, ufukweni, mahali palipokuwa na mizinga iliyopigana na meli za Waingereza mwaka 1863.

Nikiulizwa kati ya miji hiyo mitatu upi ulifanya vizuri zaidi, nitasema Nagasaki, na sitasita. Daraja ni la mtoni. Kulitoa mtoni na kulipa bwawa ni kumwokoa mtu kwa kumstaafisha kwa nguvu. Kagoshima ilikuwa na miaka kumi na moja ya kuitazama Nagasaki na kujifunza, ikachagua njia rahisi.

Isahaya siwezi kuihukumu hivyo. Mwaka 1957 vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi na miwili tu kabla, mji ulikuwa umejaa maiti na tope, na wazo la kuchimba mto wa pili chini ya ardhi kwa ajili ya daraja la watembea kwa miguu lingemtia mtu matatani. Waliobishana hawakuwa wakibishana kati ya mtoni na bustanini. Walikuwa wakibishana kati ya bustanini na baruti, na mhandisi aliyepewa kazi hiyo hakuwa amewahi kufunga tao hata moja.